Mashua ya zamani: nangani kavu, ikishika tanga inajaa maji. Yanapita wapi? (Tanga, bajeti ndogo)

#1 Mtoto wa Sahare
Habari wakuu. Nimeachiwa mashua ya futi 17 na mjomba wangu, Mungu amrehemu. Ilikaa miaka mingi juu ya magogo chini ya mkungu hapa Sahare, kuku wanatagia ndani. Mbao za chini ni mvule, mbili za juu kila ubavu ni mwembe, mataruma (mbavu za ndani) ni ya mlilana (mkoko), mlingoti ni mvinje. Sina pesa ya kuifumua yote. Nilitenga milioni moja na laki mbili. Zimebaki laki sita. Nyingine zimekwenda kwenye ubao mmoja mpya chini ubavu wa kulia, pamba ya kalafati (ya kuziba maungio ya mbao), sifa (mafuta ya papa), rangi na mkono wa fundi.

Niliishusha kwenye bamvua (maji makubwa). Mwanzoni ilikunywa maji, kawaida ya chombo kilichokauka, kisha mbao zikavimba ikafunga. Sasa ikilala nangani usiku kucha, asubuhi ngama (chini kabisa ndani ya chombo) ni kavu. Lakini nikitweka tanga nikaelekea Ulenge, kusi ikishika vizuri, sijafika nusu ya njia maji yako kwenye kifundo cha mguu. Nikishusha tanga nikafua maji kwa kuyachota nje, yanakoma.

Fundi anasema nikalafati upya chombo kizima. Hapo laki sita zote zinaondoka na sina hakika kama ndipo penyewe. Naomba mawazo kabla sijatoa pesa.

#2 Pweza Mkavu
Natia kambi hapa. Inavuja kama beki ya timu yangu, jina silitaji. Picha ziko wapi mkuu?

#3 Bwana Tezo
Mleta mada, jibu umeliandika mwenyewe. Mbao mbili za juu ni mwembe. Chombo kikiwa nangani kimesimama wima, mbao hizo ziko juu ya maji, jua la Tanga linazipiga kutwa nzima. Ubao hunywa maji na kuvimba kwa upana, si kwa urefu, na ukikauka hujikunja kwa upana hivyo hivyo. Kwa hiyo maungio ya chini yamefunga na ya juu yako wazi. Ukishika tanga chombo kinalala ubavu, maungio ya upande wa demani (unakoelekea upepo) yanaingia majini, na maji yanaingia. Ukishusha tanga kinasimama, maji yanakoma. Hakuna siri hapo.

Usinunue pamba. Tafuta magunia, yaloweshe maji ya bahari, yaning'inize kutoka ukingoni mpaka usawa wa maji pande zote mbili, na uwe unayamwagia asubuhi na jioni. Baada ya siku kadhaa toka tena baharini. Na ukikalafati ubao mkavu kwa kuugongea pamba mpaka ukome, siku utakapovimba utasukumana na mwenzake na kung'oa misumari. Nimeyaona haya Bagamoyo kwenye vyombo vya watu waliokuwa na haraka.

#4 Mzee wa Henza
Vijana, mnakimbilia mbao. Nimekuwa nahodha kati ya Pangani na Unguja toka enzi majahazi yanabeba bidhaa kwa tanga tupu bila mashine. Chombo kinachovuja kwa tanga tu, kitazame mwashiri, pale chini mlingoti unapokaa.

Tanga likijaa upepo, mlingoti unasukumwa chini na kupindwa ubavuni kwa wakati mmoja. Kisigino chake kinaukandamiza mwashiri, na mwashiri unaukandamiza mkuku (uti wa chini wa chombo). Misumari ya ubao wa kwanza, ule unaokutana na mkuku, ikiwa imelegea, pale panapumua. Wimbi likija panafunguka, likipita panafunga. Nangani hakuna mzigo wowote, basi hapapumui. Tena umesema maji yanafika kifundoni haraka. Ufa wa juu hauingizi maji mengi namna hiyo, ila uwe unakwenda huku ukingo umo majini.

Ukiwa baharini mpe mwenzako kana (mkono wa usukani), wewe shuka ngamani uweke kiganja kwenye ungio la ubao na mkuku, karibu na mlingoti. Utayasikia maji yanapiga mkononi. Halafu niambie henza (kamba ya kutwekea tanga) unaifunga wapi. Kwenye tanga letu henza ndiyo inayoushika mlingoti kwa nyuma, upande unakotoka upepo. Ukiifunga mbele, au ukaisahau upande wa demani baada ya kugeuza, mlingoti unabaki hauna mwenyewe na mzigo wote unashukia mwashiri.

#5 Pweza Mkavu
Shikamoo mzee. Hapo kwenye "hauna mwenyewe" nimejiona mimi.

#6 Mama Dagaa
Mimi si fundi, ni mwenye vyombo vitatu pale Deep Sea na kila mwezi nalipa mafundi, kwa hiyo nina haki ya kusema.

Mtoto wa Sahare, una uhakika gani kuwa nangani haivuji? Unachungulia ngama pale tezi (nyuma) tu, si ndiyo? Chini ya kila taruma huwa kuna tundu la kupitisha maji yakusanyike sehemu moja uyafue. Chombo kilichokaa miaka chini ya mti, matundu hayo yameziba: mchanga, majani, mavi ya kuku (umesema mwenyewe). Maji yanaingia polepole usiku kucha na kutuama katikati ya mataruma, chini ya mbao za kukanyagia, wewe huyaoni. Ukitweka tanga kikalala ubavu, yote yanamwagikia upande mmoja. Ndipo unasema kimeanza kuvuja. Kilianza jana!

Ng'oa mbao za kukanyagia, chukua waya, zibua kila tundu. Bei yake ni jasho. Kwenda tezi na omo (mbele), marejeo ni ngamani, na wewe ngama yako huijui.

#7 Mpemba wa Wete
Mie nauliza tu, hicho chombo kilisomewa dua kabla ya kushushwa? Maana chombo cha marehemu kina haki zake. Huku kwetu hakishuki mpaka watu wamekula ubwabwa na fatiha imesomwa.

#8 Mtoto wa Sahare
#7 Dua ilisomwa ndugu yangu, na ubwabwa ulikuwa na mbuzi. Mbuzi hayumo kwenye ile bajeti, alitoka kwa shangazi.

#4 Mzee, henza naifunga nyuma upande unakotoka upepo, hilo mjomba alinifundisha. Kuhusu kiganja nitajaribu.

#6 Mama, mbao za kukanyagia kweli sijaziinua zote, za katikati zimepigiliwa.

#9 Mama Dagaa
Nilijua!

#10 Fundi Umeme Makorora
Nimesoma mpaka hapa, kuna swali hamjauliza. Ule ubao mpya umefungwa na nini?

#11 Mtoto wa Sahare
Skrubu za stenlesi, nilipewa bure na rafiki. Kwingine kote ni misumari ya chuma ile ile ya zamani.

#12 Fundi Umeme Makorora
Ndiyo nilichokuwa nahofia. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi, umeshatengeneza betri. Iliyo dhaifu inaliwa. Kati ya chuma na stenlesi, kinacholiwa ni chuma. Kwa hiyo misumari ya zamani iliyo jirani na skrubu zako, kama inazigusa, inaoza kwa kasi kuliko mwanzo.

Si nadharia hii. Mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza liliivisha meli ya HMS Alarm mabati ya shaba chini ili isiliwe na minyoo ya bahari. Ilipokaguliwa 1763, minyoo haikugusa kitu, lakini misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imekwisha. Mahali ambapo karatasi ya kufungashia ilibaki kati ya shaba na msumari, chuma kilikuwa kizima.

Na stenlesi yenyewe si malaika. Inategemea hewa kujilinda. Ukiizika kwenye mbao iliyolowa isiyopata hewa inatoboka vijitundu, na kwa nje kichwa kinang'aa tu. Kwa maoni yangu misumari ya ubavu wa kulia imelegea, ubao unacheza upepo ukisukuma, na maji yanapita kwenye matundu ya misumari. Mzee wa Henza yuko karibu na ukweli ila analaumu mlingoti bure.

#13 Bwana Tezo
#12 Kaka, umeme wako naukubali, lakini mleta mada ameishusha juzi juzi tu. Msumari wa chuma hauwezi kuliwa na stenlesi kwa muda huo mpaka chombo kijae maji. Hiyo itakuja baadaye. Kama misumari imelegea, ililegea chini ya mkungu: kutu ya miaka imekula chuma, tena kutu hiyo hiyo imelainisha mbao inayozunguka msumari. Gonga kwa nyundo ndogo. Msumari mzima unalia, uliokufa haujibu.

#14 Fundi Umeme Makorora
Kwa hiyo tunakubaliana ni misumari.

#15 Bwana Tezo
Hatujakubaliana. Nimesema KAMA. Mimi bado niko kwenye mbao za juu.

#16 Kijana wa Kwale
Hamjataja minyoo. Mashua ya baba ilikuwa inaonekana nzima, ukiibonyeza kwa kisu kinazama. Ndani ni vishimo vitupu.

#17 Sauti ya Mbegani
#16 Rekebisho dogo: yule anaitwa mnyoo kwa umbo lake tu. Ni wa jamii ya chaza, ana magamba mawili madogo kichwani anayotumia kukereza mbao. Anaingia akiwa mdogo, tundu la nje halizidi ncha ya kalamu, kisha anakulia ndani. Ndiyo maana ubao unaonekana mzima. Huyo ndiye aliyemkwamisha Columbus Jamaica mwaka 1503: meli zilikuwa zimetobolewa, akazipandisha ufukweni, zikaishia pale.

Ila anaishi kwenye mbao inayokaa majini. Juu ya usawa wa maji hayupo, na miaka ile chini ya mkungu waliokuwemo wote walikufa kwa ukavu. Na matundu yake yangevuja nangani pia, hayangojei tanga. Kwa hiyo kwenye kesi hii simtii hatiani, ila kwa siku zijazo awepo kwenye mpango. Kila baada ya muda pandisha chombo, kichome chini kwa makuti makavu, moto wa kupita tu usiounguza mbao, kisha paka deheni (mchanganyiko wa mafuta na chokaa).

#18 Mzee wa Henza
Au kipeleke mtoni. Tulikuwa tukiingiza vyombo ndani ya mto Pangani, juu kabisa maji yasikofika chumvi, na kuviacha huko. Wadudu hawa hawayawezi maji baridi. Hakuna gharama ila ya chakula cha mlinzi.

#19 Pweza Mkavu
Mzee, chombo kikikaa mtoni si kinaoza? Nasikia maji ya mvua ndiyo yanaozesha.

#20 Mzee wa Henza
Swali zuri kijana. Mvua inayotuama ndani, kwenye pembe za mataruma, hiyo inaozesha. Chumvi huzuia ukungu wa mbao. Sisi sitaha tulikuwa tunaimwagia maji ya bahari kila asubuhi, wageni wakidhani tunafanya usafi. Chombo cha Mtoto wa Sahare kimenyeshewa masika na vuli miaka yote hiyo. Ningekuwa yeye ningechoma kisu kwenye kila taruma pale linapokutana na ubao, hasa yale ya chini ya mwashiri. Taruma likiwa bovu msumari unashika nini?

#21 Mchuuzi wa Ngamiani
Wazo la bure: pandisha chombo juu ya magogo, kijaze maji ndani, tazama kinapodondosha nje. Mbona mnapiga ramli?

#22 Bwana Tezo
#21 Usithubutu! Mtoto wa Sahare usimsikilize huyu. Chombo kikiwa majini, bahari inasukuma mbao kutoka nje kuja ndani. Kikiwa juu ya magogo hakuna kinachosukuma. Mashua ya futi 17 ukiijaza nusu tu umetia zaidi ya tani moja, na zote zinasukuma mbao ZITOKE kwenye mataruma. Misumari yenyewe ndiyo hiyo tunayoitilia shaka. Utajua kinapovuja, ndiyo: kila mahali.

#23 Mchuuzi wa Ngamiani
Sawa fundi, usinile. Ndoo mbili tatu je?

#24 Bwana Tezo
Ndoo mbili tatu za kulowesha mbao za chini, ruksa.

#25 Sauti ya Mbegani
Wadau, maelezo manne tunaweza kuyatenganisha bila kutumia hata shilingi elfu kumi. Mtoto wa Sahare fanya hivi.

Kwanza zibua matundu ya Mama Dagaa, fua, kausha kwa tambara mpaka ndani pakauke kabisa. Hilo linaondoa hoja ya maji yaliyojificha.

Halafu siku ya utulivu, ukiwa nangani, tanga limeshushwa na foromali (mti unaobeba tanga) imelala, panga viroba vya mchanga ubavu mmoja mpaka chombo kilale usawa ule ule kinaolala kwa upepo. Mlingoti hapo haubebi kitu. Maji yakiingia, ni mbao za juu. Yasipoingia, Mzee wa Henza anachekelea. Rudia ubavu wa pili.

Kisha toka na tanga lakini chukua watu wawili wazito wakae upande wa juu ili chombo kisilale. Hapo mlingoti unafanya kazi na mbao za juu ziko kavu. Kabla ya kutoka piga mistari ya chaki kwa ndani juu ya kila ungio. Chaki itakapofutika kwanza, hapo ndipo.

#26 Pweza Mkavu
Najitolea kuwa mtu mzito. Nina kilo 104 na nguo.

#27 Mdau Kimya
Samahani wakuu, kwa nini msimwambie ukweli? Afunike chombo chote kwa faiba ikae miaka. Au auze mbao achukue boti ya faiba.

#28 Mama Dagaa
#27 Baba, boti ya faiba kwa laki sita utaipata kwenye ndoto. Na kufunika mbao chakavu kwa faiba nilishafanyiwa na fundi mmoja. Ilipendeza msimu mmoja. Mbao inavimba na kusinyaa, faiba haivimbi, ikaachia. Maji yakaingia katikati na kukaa humo humo. Tulipoibandua ubao ulikuwa unachoteka kwa kijiko.

#29 Mdau Kimya
Alitumia resini gani? Ile ya kawaida haishiki mbao yenye mafuta wala yenye unyevu. Epoksi inashika vizuri zaidi.

#30 Mama Dagaa
Epoksi bei yake unaijua? Na chombo hiki kimenyweshwa sifa. Utashikisha nini juu ya mafuta ya papa?

#31 Mdau Kimya
Hapo sina neno. Nimerudi kimya.

#32 Mpemba wa Wete
Hiyo sifa nayo majirani wanasemaje? Huku mtu akipaka, mtaa mzima hawafungui madirisha.

#33 Mtoto wa Sahare
Majirani wamehamia kwa ndugu zao. Waja leo waondoka leo.

Nimerudi na majibu ya #25. Samahani kwa kuchelewa, kusi ilikuwa kali.

Matundu: Mama Dagaa, yalikuwa yameziba karibu yote. Nimetoa mchanga, manyoya na maganda ya mayai. Katikati ya mataruma ya mbele kulikuwa na maji yametuama, yananuka. Kwa hiyo nangani haikuwa kavu kabisa.

Viroba: nilikilaza ubavu wa kushoto kuanzia adhuhuri mpaka alasiri. Maji yaliingia kwenye ungio la ubao wa pili kutoka juu, lakini kidogo, hayakufika hata nusu ya kifundo. Ubavu wa kulia, kidogo zaidi.

Kusafiri na wazito: Pweza Mkavu alikuja kweli, na rafiki yake. Chombo kilikaa wima kabisa, na bado maji yaliingia, ingawa si kwa kasi ile ya awali. Chaki ilifutika sehemu mbili karibu kwa pamoja: kwenye ungio la mkuku jirani na mwashiri, na mwisho wa ule ubao mpya upande wa omo. Kiganja kwenye mkuku kinasikia kitu, lakini sijui ni maji yanaingia au ni yale yanayozunguka humo ndani.

Sasa nani kashinda?

#34 Mama Dagaa
Mimi.

#35 Mzee wa Henza
Chaki imefutika kwenye mwashiri. Mengine ni maneno.

#36 Fundi Umeme Makorora
Mwisho wa ubao mpya! Skrubu zangu hizo!

#37 Bwana Tezo
Umelaza chombo tanga likiwa chini na maji yameingia ubao wa pili wa juu, wa mwembe. Nilisema nini #3? Tena bahari ilikuwa imetulia. Weka mawimbi ya kusi juu yake uone. Na ulipokaa na wazito yamepungua kwa sababu mbao za juu zilikuwa nje.

#38 Mzee wa Henza
Yamepungua, hayajakoma. Wewe fundi, kilo mia mbili za watu upande wa juu zinamzidishia mlingoti mzigo au zinampunguzia? Chombo kikikataa kulala, upepo wote anaubeba mlingoti. Kilipaswa kuvuja zaidi pale mkukuni, kwa hiyo hilo la kupungua nalo halijanikaa sawa.

#39 Sauti ya Mbegani
Mzee ana hoja. Lakini matundu yalikuwa yameshazibuliwa safari ya pili, kwa hiyo hatulinganishi vitu sawa: safari ya kwanza kulikuwa na maji ya zamani ndani. Ilibidi kurudia safari ya kawaida, chombo kikilala, baada ya kuzibua.

#40 Pweza Mkavu
Kurudia? Mimi magoti bado yanauma. Ila niseme nilichoona nikiwa nimekaa pale juu: kila wimbi lilipopiga omo, fashini ya mbele (mti wa wima wa omo) na ncha ya ubao mpya vilikuwa haviendi pamoja. Kama unene wa kadi ya simu hivi. Sijui mnaiitaje.

#41 Bwana Tezo
Hiyo ni ya kuangalia. Ncha ya ubao imeshikwa na skrubu ngapi kwenye fashini? Na fashini yenyewe ya mti gani?

#42 Mtoto wa Sahare
Mbili. Fashini ni ya zamani, nadhani mvule, nikichoma kisu kinaingia kidogo pale chini.

#43 Mzee wa Henza
Kidogo kiasi gani?

#44 Mtoto wa Sahare
Ukucha wa kidole gumba.

#45 Kijana wa Kwale
Mada imekuwa tamu. Na kama taruma la chini ya mwashiri ni bovu, si lazima ulitoe. Pachika jipya ubavuni mwa la zamani, lipite chini na juu ya sehemu mbovu, misumari ishike mbao nzima. Baba alifanya hivyo, chombo kikaendelea miaka. Mlilana uliopinda vizuri upo mwingi huku kwetu.

#46 Mlinzi wa Msitu
#45 Uwepo ni jambo moja, kukata ni jingine. Mikoko ni msitu wa hifadhi, kibali ni cha TFS (wakala wa misitu). Mtoto wa Sahare usibebe taruma moja kwenye bodaboda ukakutana na watu wa doria, faini yake itameza bajeti yote. Wapo wauzaji wenye risiti. Au nenda Muheza, viwanda vinavyopasua mitiki ya shamba la miti la Longuza vina mabaki mafupi ya bei nafuu. Kwa taruma fupi mtiki unatosha, ila utauchonga mwenyewe upinde.

#47 Bwana Tezo
Taruma la kuchonga kutoka ubao ulionyooka linapasuka kwenye mstari wa nyuzi. Afadhali tawi lililopinda lenyewe. Muembe wa jirani uliokatwa je? Mwembe hauhitaji kwenda msituni.

#48 Mlinzi wa Msitu
Mwembe wa shambani ongea na mwenye shamba na uongozi wa kijiji, ni rahisi zaidi. Hauishi miaka mingi lakini unapatikana.

#49 Mchuuzi wa Ngamiani
Na usisahau SUMATRA, wadhibiti wa usafiri, wakikukuta unabeba watu.

#50 Mlinzi wa Msitu
SUMATRA haipo mkuu. Vyombo vya majini viko chini ya TASAC tangu 2018. Wanakagua chombo na wanataka majaketi ya kuokolea. Akina Pweza Mkavu wawe nayo.

#51 Pweza Mkavu
Saizi yangu ipo?

#52 Mpemba wa Wete
Jamani, Lamu walishaunda jahazi la plastiki iliyookotwa ufukweni, Flipflopi, wakalishusha 2018 na mwaka uliofuata likaja mpaka Unguja kwa tanga. Halina mnyoo wala taruma la kuoza. Mleta mada ana mbao, misumari, mitihani.

#53 Fundi Umeme Makorora
Likiwa na misumari nalo yatalikuta ndugu yangu. Betri haikwepeki.

#54 Dada wa Mlingotini
Naomba kuuliza kuhusu tanga, uzi usiishie kwenye maji tu. Unatumia kitambaa gani? Mimi nashona matanga hapa Bagamoyo na nimeona watu wengi wanalaumu chombo kumbe tanga ni kubwa kuliko mlingoti.

#55 Mtoto wa Sahare
Tanga la mjomba lilikuwa la marekani (kitambaa cha pamba), panya walilimaliza. Nimeshona la sandarusi (kitambaa cha plastiki), nilikata kwa kukisia urefu wa foromali.

#56 Dada wa Mlingotini
Kwa kukisia! Sandarusi haivutiki. Marekani upepo ukipiga ghafla hujinyoosha kidogo na kupunguza mshtuko, sandarusi inaupeleka wote kwenye foromali na mlingoti papo hapo. Tena jua linaila, baada ya msimu inakuwa vumbi. Ukipata marekani, ichemshie maganda ya mkoko ya kununua kihalali, inakuwa nyekundu na haiozi haraka. Kama pesa hakuna, punguza hilo ulilonalo, kata kipande cha chini, usafiri, uone kama maji yamebadilika. Mkasi na uzi tu.

#57 Mzee wa Henza
Alhamdulillahi, kaja mtu wa mlingoti.

#58 Bwana Tezo
Tanga dogo, chombo hakilali, mbao za juu zinabaki nje, maji yanapungua. Sitashangaa mkisema mmeshinda.

#59 Mtoto wa Sahare
Nashukuru wote. Ninachofanya: mwezi ukiandama, siku moja au mbili baadaye bamvua itakuwa imekomaa, maji ya hapa yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, nitakipweleza karibu kabisa na nyumba, kikae mchangani maji yakitoka. Natoa skrubu mbili za omo nitazame fashini na taruma la chini ya mwashiri. Magunia yananing'inia kuanzia leo, pande zote. Tanga nampelekea dada wa #54 vipimo. Kalafati ya chombo kizima sifanyi kwanza. Laki sita iko kwenye kibubu kwa mama, hata mimi siifikii.

#60 Fundi Umeme Makorora
Ukitoa hizo skrubu usizirudishe. Misumari iliyopakwa zinki, yote aina moja.

#61 Bwana Tezo
Na toboa kwa keekee kwanza, usigongomee moja kwa moja, mvule wa zamani unapasuka.

#62 Mama Dagaa
Na upo (kichoteo cha kufulia maji) uwe ndani ya chombo. Mmeongea bandiko sitini hakuna aliyeuliza anafua na nini.

#63 Mtoto wa Sahare
Kidumu cha mafuta ya kula nilichokikata, mama.

#64 Mchuuzi wa Ngamiani
Ile foromali ya zamani ya mjomba bado ipo? Nina ngalawa, nitakupa bei ya kirafiki.